Kitenzi kwanza: jinsi ya kusoma malengo ya mtihani wa CCNA

Jioni tatu kwa wiki huwa nakaa na vijana sita au saba katika chumba kidogo juu ya duka, hapa Kondele, Kisumu, tukijiandaa kwa mtihani wa mitandao wa Cisco uitwao CCNA. Wawili hutoka Bondo, mmoja huja na matatu kutoka Mbale ya Vihiga. Karibu kila anayejiunga nasi huja na kitabu kinene kwapani au video za saa nyingi kwenye simu. Nikimwuliza, "Malengo ya mtihani umeyasoma?" hunijibu, "Si yamo humu kitabuni, mwalimu?"

Hayamo. Kitabu ni maelezo ya mtu mmoja kuhusu malengo hayo, na mara nyingi kina mengi kuliko yanayotahiniwa na machache kuliko unayohitaji. Malengo yenyewe ni orodha fupi anayoitoa mwenye mtihani, na ndiyo ahadi pekee aliyokupa kuhusu kitakachoulizwa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya pesa. CCNA inagharimu dola 300. Dola ikiwa shilingi 129 hivi, hizo ni zaidi ya shilingi 38,000 kabla ya nauli na chakula. Kwa kijana anayeishi kwa kutengeneza kompyuta za watu, hiyo ni akiba ya miezi mingi. Mimi niliulipia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, na bado nikaanguka. Nilijua mengi kijuujuu, lakini machache yaliyobeba alama nyingi sikuwa nimeyafanya kwa mikono yangu. Nisingependa mtu mwingine alipie somo hilo kwa bei hiyo.

Hatua ya 1: Pata malengo yenyewe, ya toleo linalotahiniwa sasa

Nenda kwenye tovuti ya Cisco, tafuta mtihani nambari 200-301, pakua orodha ya mada zake. Usikubali nakala iliyopigwa picha na rafiki au iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp. Angalia nambari ya toleo. Mtihani huu ulianza tarehe 24 Februari 2020 kama toleo 1.0, na tangu tarehe 20 Agosti 2024 unaotahiniwa ni toleo 1.1. Nambari ya mtihani haikubadilika, ndiyo maana wengi hawakugundua.

Njia rahisi ya kukagua kitabu cha mitumba kabla hujakinunua: fungua sura ya mwisho, ile ya uendeshaji wa kiotomatiki. Ukiona zana za Puppet na Chef zimeelezwa kwa kurasa nyingi na Terraform haitajwi, hicho ni cha toleo la zamani. Toleo 1.1 linataja Ansible na Terraform, na limeongeza lengo la kueleza akili unde (AI) katika uendeshaji wa mitandao. Sisemi ukitupe. Sehemu kubwa ya toleo la zamani bado ni halali, mradi ujue palipobadilika. Lakini kikiwa kinakufundisha kusanidi (kuweka mipangilio ya) EIGRP, itifaki moja ambayo ruta hutumia kuambiana njia, kwa sura nzima, basi hicho ni cha kabla ya 2020, na bei yake iwe ya kukusaidia kuwashia jiko.

Chapisha orodha hiyo. Kurasa zake ni chache, na utaandika juu yake kila siku. Skrini ya simu haitoshi kwa kazi hii.

Hatua ya 2: Hesabu malengo, kisha tazama uzito

Orodha ina sehemu sita, na kila moja ina asilimia yake. Misingi ya mitandao 20. Kuunganisha vifaa kwenye mtandao, yaani swichi, VLAN (kuigawa swichi iwe mitandao tofauti) na mawimbi ya Wi-Fi, 20. Muunganisho wa IP, yaani kazi ya ruta, 25. Huduma za IP 10. Misingi ya usalama 15. Uendeshaji wa kiotomatiki na programu 10.

Wengi huishia kwenye asilimia. Wewe endelea: hesabu malengo yaliyo ndani ya kila sehemu. Sehemu ya kwanza ina malengo 13, ya pili 9, ya tatu 5, ya nne 9, ya tano 10, ya sita 7. Jumla ni 53.

Sasa gawanya. Sehemu ya kwanza, asilimia 20 kwa malengo 13, ni kama asilimia moja na nusu kwa kila lengo. Huduma za IP, 10 kwa malengo 9, ni asilimia moja na kidogo. Muunganisho wa IP ni asilimia 25 kwa malengo matano tu: asilimia 5 kwa kila lengo. Lengo moja pale lina uzito wa malengo matatu ya sehemu ya kwanza, au zaidi ya manne ya Huduma za IP.

Cisco haisemi kwamba alama zimegawanywa sawasawa ndani ya sehemu, kwa hiyo yachukue haya kama makadirio. Hata hivyo yanaonyesha mahali pa kutia nguvu. Ukiwa na saa 100 za kusoma hadi siku ya mtihani, 25 ziende kwenye yale matano. Nilipoyahesabu haya kwa mara ya kwanza, baada ya kuanguka, nilikumbuka wiki mbili nilizotumia kukariri aina za nyaya na siku mbili tu nilizotumia kwa jedwali la njia, ile orodha ambayo ruta huitazama kuamua data iende wapi.

Hatua ya 3: Zungushia kila kitenzi duara

Hapa ndipo ninapowaweka wanafunzi wangu muda mrefu kuliko popote.

Aliyepitia KCSE, mtihani wa kidato cha nne, anajua tofauti ya "taja" na "fafanua". Ukiambiwa taja ukaandika insha, umepoteza muda. Ukiambiwa fafanua ukataja tu, umepoteza alama. Walimu wetu walitupigia kelele juu ya jambo hilo tangu kidato cha kwanza. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye vyeti vya kompyuta tunalisahau, tunasoma nomino tu. Tunaona "OSPF", itifaki nyingine ya ruta kuambiana njia, tunakimbia kutafuta kila kitu kuhusu OSPF. Kitenzi kilichotangulia tunakiruka, na ndicho kinachokuambia uchimbe hadi wapi.

Mtihani uko kwa Kiingereza, kwa hiyo vitenzi utakavyozungushia ni vya Kiingereza. Mimi naviweka katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kueleza: "describe", "explain", "compare", "recognize", "identify". Hapa unahitaji kujua kitu ni nini, kinatatua shida gani, kinatofautianaje na jirani yake. Chukua lengo 3.5, linalohusu itifaki za kuwa na ruta ya akiba kwenye lango la mtandao. Kitenzi chake ni "describe". Jua kwamba ruta mbili hushiriki anwani moja ya bandia, kompyuta zikaitumia hiyo kama lango, na ruta moja ikizimika nyingine huishika bila mtumiaji kubadilisha chochote. Jua majina HSRP, VRRP na GLBP. Nimeona kijana akikesha siku tatu kusanidi HSRP huku hajui kusoma jedwali la njia. Bidii alikuwa nayo, ila aliielekeza mahali ambapo mtihani haukumtuma.

Kundi la pili ni la kusoma na kuamua: "interpret", "determine". Hapa utaonyeshwa kitu na utaulizwa kinasema nini. Lengo 3.1 linakutaka ulisome jedwali la njia, na chini yake limeorodhesha vipande saba: herufi ya itifaki, anwani ya mtandao, maski (urefu wa sehemu ya mtandao, kama /24), kituo kinachofuata, kiwango cha kuaminika kwa njia, gharama yake, na njia ya mwisho ya kukimbilia. Chukua mstari mmoja:

O 10.20.30.0/24 [110/2] via 10.1.1.2

O ni OSPF. 10.20.30.0/24 ni mtandao na maski yake. 110 ni kiwango cha kuaminika kwa OSPF, na kadiri nambari hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo njia inavyoaminiwa zaidi: mtandao uliounganishwa moja kwa moja ni 0, njia iliyoandikwa kwa mkono ni 1, EIGRP 90, OSPF 110, RIP 120. Mbili ni gharama. 10.1.1.2 ni ruta ya kukabidhiwa mzigo. Ukiweza kuusoma mstari huo kwa sauti bila kusita, na mingine kumi ya aina mbalimbali, lengo 3.1 ni lako.

Lengo 3.2 linaendelea hapo hapo: amua ruta itapeleka wapi. Watu hujikwaa hapa kwa kudhani kiwango cha kuaminika ndicho cha kwanza. Cha kwanza ni urefu wa anwani inayolingana. Fikiria mzigo umeandikwa "Mbale" pale stendi ya Kisumu. Kuna gari la Kakamega linalopita Mbale, na kuna gari la Mbale penyewe. Mzigo huenda na gari lenye jina lililo mahususi zaidi. Vivyo hivyo, pakiti (kifurushi cha data) ya kwenda 10.20.30.7 ikikuta njia tatu kwenye jedwali, 10.0.0.0/8, 10.20.0.0/16 na 10.20.30.0/24, itafuata ya /24, hata kama ya /8 iliandikwa kwa mkono na kiwango chake ni 1. Kiwango cha kuaminika huamua tu pale itifaki mbili zinapotoa njia ya mtandao ule ule wenye maski ile ile. Gharama huamua ndani ya itifaki moja.

Kundi la tatu ni la kutenda: "configure and verify". Hayo ni maneno mawili, na wengi hufanya la kwanza wakaliacha la pili. Lengo 3.3 linataka njia za kuandika kwa mkono, ikiwemo ile ya akiba inayosubiri ya kwanza ianguke. Hapa Kisumu mfano wake si wa kutafutwa mbali: ofisi ina faiba, na ina modemu ya 4G kwa siku faiba inapokatwa. Njia ya faiba unaiandika kawaida. Ya 4G unaiongezea nambari kubwa mwishoni, ndiyo kiwango chake cha kuaminika:

ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.9.9.1 200

Kwa kuwa 200 ni kubwa kuliko 1, njia hii haionekani kwenye jedwali hadi ya kwanza iondoke. Hiyo ndiyo sehemu ya kusanidi. Sehemu ya kuthibitisha ni kuzima kiungo cha faiba wewe mwenyewe, kuandika "show ip route", na kuiona njia ya 200 ikijitokeza. Kisha jiulize swali la mtu aliyefanya kazi: je, waya ukikatwa mbali, huko barabarani, huku mlango wa ruta yako bado unaonekana uko hai? Njia ya kwanza itabaki kwenye jedwali, na ya akiba haitaamka. Aliyesoma tu hawezi kuliona hilo. Aliyezima na kuwasha mara kumi analiona.

OSPF kwenye lengo 3.4 ni kundi hili hili. Sanidi ruta mbili ziwe majirani, tazama kwa "show ip ospf neighbor", halafu ziharibu. Badilisha muda wa salamu, ujumbe mfupi ambao majirani hutumiana kuonyesha wako hai, upande mmoja, kutoka sekunde 10 hadi 5, usubiri. Haipiti dakika moja ujirani unavunjika. Rudisha. Weka eneo tofauti upande mmoja. Tazama. Rudisha. Haya yote yanafanyika kwenye Packet Tracer, programu ya bure ukijisajili na Cisco Networking Academy, na mazoezi yenyewe hufanyika ndani ya kompyuta yako bila kula bando. Laptopu ya kawaida inatosha.

Hatua ya 4: Soma kisichoandikwa

Rudi kwenye lengo 3.4. Linasema OSPF ya eneo moja, kisha chini yake vitu vinne: ujirani, kiungo cha wawili, kiungo cha wengi pamoja na uchaguzi wa kiongozi, na kitambulisho cha ruta. Basi. Maeneo mengi hayapo. Kitabu chako kikianza kukueleza maeneo ya aina mbalimbali na jinsi yanavyounganishwa, weka alama ya penseli, geuza ukurasa. Utarudi ukishapata cheti.

Kuna tahadhari moja ya haki. Cisco yenyewe huandika kwamba mada hizi ni mwongozo wa jumla, na kwamba mambo mengine yanayohusiana yanaweza kutokea. Kwa hiyo mpaka huu si ukuta. EIGRP haimo katika ya kusanidi, lakini 90 yake unaweza kuikuta ndani ya jedwali la njia unalotakiwa kulisoma. Kipimo changu ni hiki: kama jambo ni la lazima ili lengo lililoandikwa lieleweke, lisome hadi hapo. Likianza kudai sura yake lenyewe, liache.

Hatua ya 5: Daftari la ushahidi

Chukua daftari la kawaida, andika nambari zote kutoka 1.1 hadi 6.7, mstari kwa kila moja. Mbele ya nambari andika kitenzi, kisha acha nafasi ya ushahidi na tarehe. Hairuhusiwi kutia tiki kwa sababu "nimeisoma" au "nimeielewa". Tiki inatolewa kwa ushahidi unaolingana na kitenzi.

Kama kitenzi ni cha kueleza, ushahidi ni kumweleza mwenzako bila kutazama popote. Sisi huanza kwa Kiswahili au Kijaluo, kwa sababu hapo mtu hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa. Akishaeleweka, anarudia kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya siku yenyewe. Huyu wa Mbale aliniambia alidhani anaijua DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, hadi alipojaribu kumweleza mama yake, na kwa kweli siku hiyo ndiyo aliyoijua.

Kama ni cha kusoma, ushahidi ni majedwali kumi uliyoyajibu sawa. Kama ni cha kutenda, ushahidi ni faili ya zoezi ulilolijenga kutoka mwanzo, ukaliharibu, ukalitengeneza. Andika jina la faili kwenye mstari huo.

Baada ya wiki tatu daftari hilo litakuambia ukweli ambao moyo wako hautaki kuusema. Fuata mistari mitupu, ukianza na yenye uzito.

Hatua ya 6: Kila swali ulilokosa lipe nambari ya lengo

Ukifanya maswali ya mazoezi, alama uliyopata haikufundishi kitu. Kinachofundisha ni kuandika kando ya kila kosa nambari ya lengo lake. Baada ya maswali 100 zihesabu. Ukikuta 3.3 imeandikwa mara saba na 4.2 mara moja, unajua kesho unaamkia wapi.

Juu ya yale "maswali halisi" yanayouzwa kwenye flashi na makundi ya simu: usiyaguse. Ni wizi wa mtihani, na Cisco ina haki ya kufuta cheti cha aliyeyatumia na kumfungia asifanye tena. Tena siku ya kwanza kazini, kule Nakuru au Eldoret, utakabidhiwa swichi iliyozimika na hakutakuwa na chaguo A hadi D.

Kama mtihani wako ni mwingine

Njia ni ile ile, ila lafudhi ya kila mwenye mtihani ni tofauti. CompTIA, kwa mfano Security+ SY0-701, hupenda kuanza lengo kwa "given a scenario": hapo jiandae kwa hali halisi ya kutatua, usikariri maana tu. Orodha ya mifano iliyo chini ya malengo yao si kamili, na wao wenyewe wamelisema hilo. LPIC-1, cheti cha Linux, ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Kila lengo limepewa uzito wake lenyewe, na katika mtihani 101-500 uzito wote ukijumlishwa ni 60, sawa na idadi ya maswali. Mada ya 103, ya amri za Linux, peke yake ina uzito wa 26. Hapo huhitaji kukadiria chochote.

Hatua ya 7: Ukianguka, isome ripoti kwa uzito

Ripoti ya Cisco hukupa asilimia kwa kila sehemu kati ya zile sita. Mtu huangalia palipo chini kabisa na kukimbilia hapo. Ngoja kwanza, uzidishe.

Tuseme umepata asilimia 40 kwenye Huduma za IP na 60 kwenye Muunganisho wa IP. Huduma zinatisha zaidi kwa macho. Lakini uzito wake ni 10, kwa hiyo umepoteza kama alama 6 za mtihani mzima. Muunganisho una uzito wa 25. Pale umepoteza kama 10. Sehemu iliyoonekana afadhali ndiyo iliyokuangusha.

Sheria inakutaka usubiri siku tano kabla ya kurudia. Usilipe siku ya sita. Fungua daftari, futa tiki zote za 3.1 hadi 3.5, na uzitafute upya kwa ushahidi mpya. Mimi ilinichukua wiki tano.